Chumba cha Boila

Jumatatu, 9 Septemba

Mama,

Shikamoo. Tangu Ijumaa nimekupigia simu mara tatu, na mara zote imeita mpaka ikachoka. Najua utasema ulikuwa kazini. Basi nakuandikia kama ulivyoniagiza. Barua atakuletea dereva wa gari la hospitali yenu, maana kila Jumanne yuko huku mjini kuchukua dawa. Ananiambia, "Kwa hiyo siku hizi mimi ni posta." Nimemwambia ashukuru kupandishwa cheo.

Nina la kukuchekesha. Sisi wa mwaka wa pili lazima tuchukue somo moja la hiari nje ya fani zetu. Mimi mtu wa lugha na fasihi nilitaka historia ya uchoraji. Nilipofika dirisha la usajili, karani akanitazama juu ya miwani akasema, "Uchoraji umejaa. Kumebaki Utangulizi wa Nishati." Nikamuuliza kama kuna hesabu. Akasema, "Kidogo." Mama, karani yule ni mwongo wa kutupwa.

Darasa letu ni la saa nane mchana, ghorofa ya tatu, chumba chenye madirisha marefu. Jua linaingia humo kama maji ya uvuguvugu, na watu hamsini tuliotoka kula tunaelea ndani yake. Mwalimu ana sauti ya chini, hana haraka, na hufuta ubao kwa kiganja halafu anajipangusa shatini, ndiyo maana tunamwita Mwalimu Chaki. Leo aliingia na kikombe cha chai, akakiweka mezani, akaketi. Chai ikafuka, sisi tukaitazama. Zikapita dakika tano hivi. Kisha akauliza, "Limekwenda wapi?" Tukainamia madaftari yetu. Akasema, "Joto. Lilikuwa humu. Sasa liko kwenye meza, kwenye hewa, kwenye mashavu yenu. Halikupotea. Limetawanyika tu, na hakuna atakayelirudisha humu bure."

Nilikuwa nusu usingizini. Kwa muda nikaona darasa zima limekuwa kikombe, na sisi tunapoa polepole.

Ametupa kazi ya muhula mzima: kila mmoja aandike safari ya nishati katika mahali anapopajua. Wenzangu wamechukua majiko na pikipiki. Mimi nimeandika: chumba cha boila, mtambo wa mvuke katika dobi ya hospitali, anapofanya kazi mama yangu. Kwa hiyo niambie kila kitu. Unaanzaje asubuhi? Moto ukishawaka, unakwenda wapi?

Mwanao,
Kitinda


Jumapili, 15 Septemba

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani kachungulia. Miaka yote ukiwa mdogo nilikuwa nikikuita uje uone boila, unakimbilia vitabu vyako. Leo boila imekufuata chuoni.

Haya, andika. Naingia saa kumi na mbili asubuhi. Kwanza natazama kioo cha maji. Hicho ni kibomba cha kioo ubavuni mwa boila, kinachoonyesha maji ya ndani yamefika wapi. Hakuna maji, hakuna moto; hilo hata ukiniamsha usingizini nitakwambia. Kisha nafungua mafuta, nawasha. Moto unapita ndani ya mabomba, mabomba yamezungukwa na maji, maji yanakuwa mvuke. Geji ya kupimia nguvu ya mvuke ikipanda mpaka alama nyekundu niliyoichora mwenyewe kwa rangi ya kucha, nafungua vali kubwa. Kuanzia hapo mvuke una njia tatu: mashine za kufulia, pasi kubwa za rola, na chumba wanachochemshia vyombo vya upasuaji. Mwanamke akijifungua wodi ya juu, shuka analolalia lilipita kwangu kwanza. Hiyo iandike kwa wino mzito.

Kuhusu kelele, usiniulize. Pampu inagonga, mvuke unapiga mluzi, feni ya moto inanguruma. Mtu akikuita hatua tatu tu kutoka ulipo, huambulii kitu. Tunasemeshana kwa mikono. Mimi pampu naijua kwa kiganja: naweka mkono kwenye bomba, najua imeamkaje leo. Juzi Mama Pasi, yule kiongozi wa wanawake wa chumba cha pasi, aliingia mbio akanipiga begani, uso umempauka kama shuka. Ndio utani wake huo. Tukacheka, siku ikaisha.

Mwalimu wako mwenye sauti ya chini, sijui mnamsikiaje.

Simu achana nayo. Inakatakata maneno. Barua naisoma mara mbili, ya tatu nalala nayo.

Mama yako


Jumatatu, 7 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Somo linakwenda vizuri. Mwalimu Chaki ameisoma barua yako mbele ya darasa, ile sehemu ya rangi ya kucha, na watu wamekuwa wakiniuliza kama unaweza kuja kufundisha.

Nimeanza kuona mambo ya ajabu. Nikipita kwenye korido ya bweni jioni, nahisi ukuta wa upande wa machweo bado una jua ndani yake. Nauegemea mgongo, nafumba macho, na ninakuwa kama mtu aliyekumbatiwa na mchana. Nikivua sweta, nafikiria joto langu linavyobaki kwenye sufu dakika moja au mbili, kisha linaondoka bila kuaga. Mwenzangu wa chumbani anasema nishati imenipanda kichwani.

Kwa hesabu zangu, katika kila mafungu kumi ya moto wako, kama saba yanafika kwenye mvuke. Mengine yanatoka na moshi na kwenye kuta. Mwalimu Chaki akaniuliza, "Na kelele umeiweka wapi?" Nikasema kelele si kitu. Akasema, "Kelele nayo ni nishati. Ni ndogo sana, lakini imetoroka kazini, na inakwenda kufanya kazi mahali pengine." Sikumwelewa. Naomba uniambie pia king'ora cha maji kinafanya nini, na kilipiga mara ya mwisho lini.

Kuna jingine, nimekaa nalo muda mrefu. Likizo iliyopita, siku ya mwisho, ulikuwa jikoni umenipa mgongo unaosha vyombo. Nikakwambia kwamba nimechoka, kwamba nafikiria kuacha chuo. Ukanijibu, "Weka tu mezani." Nilingoja useme jingine. Hukusema. Nilikwenda kulia bafuni, halafu nikapanda basi. Sikuacha chuo, kama unavyoona. Lakini hupokei simu, na mara nyingine nawaza kwamba mambo yangu yamekuchosha.

Mwanao,
Kitinda


Jumapili, 13 Oktoba

Mwanangu,

King'ora kinapiga maji yakishuka kupita kiasi, ili mtu azime moto kabla mabomba hayajaungua. Mwaka huu hakijapiga.

Kuhusu siku ile jikoni, nisamehe. Kichwa kilikuwa mbali. Mambo yako hayajawahi kunichosha tangu ulipoanza kutambaa na kula sabuni zangu.

Nilitaka kukuandikia zaidi, lakini nimeota ndoto na haijaniacha. Nimemwota marehemu bibi yako. Yuko chumba cha pili, simwoni, ananiita kwa jina langu la utotoni. Kisha akaanza kunisimulia habari za kawaida kabisa: kuku katoroka, ndoo imetoboka, jirani kaja kuazima ungo. Sauti yake ilikuwa karibu, safi, hata pale anapovuta pumzi nilisikia. Sikutaka kwenda kumtazama. Nilisimama tu pale nikisikiliza ndoo na kuku. Nilipoamka nikakaa kitandani mpaka jua likafika miguuni.

Soma kwa bidii.

Mama yako


Jumatatu, 28 Oktoba

Kwa Mama Pasi,

Shikamoo. Mimi ni yule mtoto wa mwisho wa mwendesha boila, uliyekuwa ukimfunga kwenye kanga nyekundu mgongoni huku unapiga pasi. Naomba hili libaki kati yetu kwa sasa.

Wiki iliyopita mwalimu alitupeleka kwenye chumba cha jenereta cha chuo, tukapime sauti kwa kifaa. Kabla hatujaingia, fundi alitugawia vifuniko vya masikio. Mimi nilivua vyangu ili nisikie kama anavyosikia mama. Sikumaliza dakika kumi. Masikio yalinipigia mluzi mpaka jioni, na mwenzangu akisema nami nikawa nasoma midomo yake. Fundi alinikasirikia. Akasema, "Ukikaa humu mwaka mmoja bila hivyo, unaanza kuwa kiziwi." Nikamwambia kuhusu chumba cha boila cha dobi, pampu, feni, mluzi. Akauliza mama yangu amekaa humo miaka mingapi. Nikasema kumi na tisa. Akatazama chini tu.

Nikaketi ngazini. Nikakumbuka redio ya nyumbani inavyopiga kelele. Nikakumbuka mama anavyokugeukia uso mzima kila ukimsemesha. Kwaya aliyoiacha, akasema wenzake wamekuwa wambea. Na simu.

Naomba uniambie ukweli. Mama anasikia? Na ile siku ya Septemba ulipompiga begani, ulikuwa utani?

Mwanao


Jumatatu, 4 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi kuandika si kazi yangu, namwambia binti yangu aandike ninavyosema.

Haukuwa utani. King'ora kilipiga. Sisi wa chumba cha pasi, kuta mbili katikati, tulikisikia tukatazamana. Zamani kikilia kidogo tu mama yako alikuwa akikizima. Siku ile kililia, kikalia. Nikatupa shuka chini nikakimbia. Nikamkuta kainama mezani anaandika kwenye daftari la zamu, kanipa mgongo, ametulia kama mtu aliye bustanini. King'ora kiko juu ya kichwa chake.

Nilipompiga bega aligeuka, akanitazama mdomo, akatazama kioo cha maji, akazima moto. Aliuzima haraka, hakutetemeka. Pampu ilikuwa imekwama. Baadaye akakaa sakafuni. Akaniambia, "Usiseme."

Sijasema. Lakini tangu siku ile kila nusu saa namtuma mtu achungulie. Sote tunajua kwamba hasikii, ni miaka mitatu sasa. Tumekuwa masikio yake, na mimi nimechoka kuogopa.

Umefanya vizuri kuuliza.

Mama Pasi


Jumanne, 5 Novemba

Mama,

Najua kuhusu king'ora. Najua hukukisikia. Usimkasirikie Mama Pasi, mimi ndiye niliyemuuliza.

Siku ile jikoni ulidhani nimeuliza niweke wapi sahani. Ndivyo? Miezi miwili nimezunguka na maneno yale kama jiwe kwenye kiatu, kumbe hukunisikia. Nimelia tena leo, lakini kilio cha namna nyingine.

Naomba umwambie fundi mkuu wa hospitali yenu. Naomba leo.

Kitinda


Jumatatu, 11 Novemba

Wewe,

Umeandika barua nyuma ya mgongo wangu, ukamtumia mtu ninayekula naye. Hayo ndiyo wanayokufundisha.

Unajua nilivyokipata kile chumba? Nilikuwa dobi wa kusuuza, mikono imepauka. Baba yako hakuwa amefikisha miezi sita kaburini. Wakatangaza mtihani wa boila, nikajiandikisha. Wanaume kumi na mmoja na mimi. Mmoja akaniuliza kama nimekuja kupika uji. Nikawa wa kwanza. Miaka kumi na tisa hakuna shuka lililokosa mvuke kwa sababu yangu. Macho ninayo, mikono ninayo. Ile ilikuwa mara moja.

Nikisema, watanipeleka kukunja foronya, na kila atakayepita atapaza sauti kama anasema na mtoto.

Sina nyuki mmoja anayevuma kichwani, nina mzinga mzima, mchana na usiku, na sijawahi kumlalamikia mtu. Niache.

Mama


Jumanne, 19 Novemba

Mama,

Shikamoo. Unayo haki ya kukasirika. Na mimi nina la kukiri: niliposema somo linakwenda vizuri, nilikuwa nimepata nne kwa ishirini kwenye jaribio la kwanza. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa umefurahi. Kwa hiyo tumefanana, tunaficha kwa ustadi.

Siku hizi narudi peke yangu kwenye lile darasa la ghorofa ya tatu wakati halina watu. Nakaa kwenye jua la madirishani, nafikiria wewe uliyetulia unaandika daftari, na king'ora juu yako. Nakuona kutoka nyuma. Nakuita. Kila mara nasikia ninavyoita, na kila mara hugeuki, na chumba kinazidi kujaa mwanga mpaka sioni tena bega lako. Halafu mlinzi anagonga mlango, anataka kufunga.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Ni kwa fundi mkuu. Nimeeleza yote: sauti, miaka, king'ora, siku ile ya Septemba. Nimeeleza pia ule mtihani na wanaume kumi na mmoja. Mwalimu Chaki amenisaidia kuchora jinsi ya kuunganisha king'ora na taa nyekundu, moja juu ya geji na nyingine mezani, ili anayefanya kazi humo aone hata asiposikia. Amesema ni kazi ya siku moja kwa fundi yeyote wa umeme.

Sikuituma kwake. Nimekutumia wewe. Dereva anajua njia ya ofisi ya fundi mkuu, ningeweza kumpa. Lakini chumba ni chako.

Ila siwezi kulinyamazia hili, Mama. Boila ikipasuka, wanawake wa pasi wako kuta mbili tu kutoka hapo. Na wewe huna hata ukuta mmoja.

Mwanao,
Kitinda


Jumapili, 15 Desemba

Kitinda mimba wangu,

Nimekukalisha kimya karibu mwezi mzima. Dereva kaniambia ulikuwa unamngoja getini kila Jumanne na unarudi mikono mitupu. Nisamehe kwa hilo.

Barua ile ya fundi mkuu niliiweka chini ya godoro. Wiki mbili nimeilalia. Asubuhi nikiingia kazini nikawa natazama nyuma kila dakika, kama mwizi, nitazame kioo, nitazame mlango, nitazame Mama Pasi anayejifanya amepotea njia. Siku moja nikatambua kwamba sitazami tena kazi yangu, natazama tu kama nimeshikwa. Nikavua aproni, nikapanda ofisini.

Nilimpa bahasha mkononi. Akasoma amesimama, akakaa, akasoma tena. Kisha akainua uso, akasema kitu. Midomo yake ina masharubu, haisomeki. Nikamwambia, "Bosi, sikusikia. Na hicho ndicho kilichoandikwa humo."

Akavuta karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: KWA NINI HUKUSEMA MAPEMA? Nikachukua kalamu yangu nikaandika chini yake: KWA SABABU NAIPENDA KAZI. Mwanangu, nilidhani angenifokea. Akaandika: NA MIMI SIKUWAHI KUULIZA.

Basi mambo yamekwenda hivi. Daktari wa masikio amenipima. La kulia limekwisha, la kushoto limebaki nusu. Kifaa cha kusikilizia kinaagizwa, ameniambia nisitegemee miujiza, kuku na ndoo za ndotoni hazitarudi vile. Nimelia kidogo kwenye ngazi za kliniki, nikajipangusa. Taa zako nyekundu zimefungwa, mbili, na fundi wa umeme alitumia mchoro wako, ingawa alisema umekosea waya mmoja. Mwambie Mwalimu Chaki. Sasa hakuna anayeruhusiwa kuingia mle bila vifuniko vya masikio, hata fundi mkuu, na anavyovivaa anaonekana kama sufuria.

Foronya hawakunipa. Wamenipa wanawake wawili wa kufundisha, wote kutoka kusuuza. Mmoja anaogopa moto, mwingine haogopi kitu chochote, na huyo wa pili ndiye anayenitia wasiwasi. Nawafundisha kuweka kiganja kwenye bomba. Sishiki tena zamu nikiwa peke yangu. Hilo limeniuma, na linaniuma bado. Sitakudanganya, tumeshadanganyana vya kutosha.

Nimesoma kwamba umepata wastani kwenye mtihani wa mwisho, na umejiandikisha sehemu ya pili ya somo. Dereva kanionyesha kikaratasi chako. Nimefurahi. Na lile uliloniambia jikoni, ukija uniambie tena, nikiwa nimekutazama. Ukichoka, sema umechoka. Mimi nitakaa nalo pamoja nawe.

Jumatano iliyopita wale wanawake wawili waliwasha boila bila mimi. Fundi mkuu aliniambia nitoke kabisa, nisichungulie. Nikatoka uani, nikakaa kwenye benchi la wanaosubiri wagonjwa. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Mara nikauona mvuke ukitoka kwenye bomba la paani. Mweupe, mzito pale unapotoka, kisha unajikunjua, unapita juu ya paa la wodi ya watoto, unakuwa mwembamba, unakwisha. Miaka kumi na tisa nimeutengeneza na sijawahi kukaa chini kuutazama. Nilikuwa ndani, kwenye kelele yake. Kumbe huku nje unapanda hivi, taratibu, kama hauna kazi. Nikakaa nao, sikutaka kuinuka.

Mwanamke aliyekaa kando yangu, mwenye mtoto mgonjwa mapajani, akanisemesha. Niliona midomo tu. Zamani ningetabasamu nikatikisa kichwa, nikajifanya nimeelewa. Nikamgeukia nikamwambia, "Sisikii vizuri, dada. Sema tena."

Akasogea karibu, akasema tena.

Mama yako